Kuvunja lignini kwa vimeng'enya vya kuvu ndani ya viyeyusho vya kikaboni: mwongozo wa anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. "Lignini yangu haiyeyuki, niongeze dayoksani kiasi gani?" "Kimeng'enya kimekufa au kimezuiwa tu?" "Mchanganyiko umegeuka kahawia iliyoiva, je, nimefaulu?" Na lile linalokuja baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu aliyekata tamaa: "Nimefuata kila kitu, mbona uzito wa molekuli umepanda badala ya kushuka?"

Mwongozo huu ni kwa aliyezoea pipeti na spektrofotomita lakini hajawahi kuweka kimeng'enya ndani ya kitu kisicho maji. Nitakupitisha kwenye njia moja tu kwa ukamilifu: lakesi ya kuvu katika mchanganyiko wa bafa na dayoksani, kiyeyusho cha kikaboni kinachochanganyika na maji. Njia nyingine nitazigusa baadaye kwa kifupi. Ukiimudu hii, hizo nyingine utazisoma mwenyewe.

Nadharia ya kutosha kuanzia

Lignini ni polima ya pete za benzini zilizounganishwa kwa vifungo vya aina nyingi, kikiwamo kile cha etha kinachoitwa β-O-4, ambacho ndicho kingi kuliko vyote kwenye mbao. Kuvu za uozo mweupe, kama vile Trametes versicolor na Phanerochaete chrysosporium, huishambulia kwa vimeng'enya vitatu vikuu, ingawa si kila kuvu inavyo vyote: lakesi, peroksidesi ya manganizi na peroksidesi ya lignini. Lakesi ina atomu nne za shaba. Hunyang'anya fenoli (pete ya benzini yenye kundi la OH) elektroni moja moja, na baada ya kukusanya nne huzikabidhi kwa molekuli ya oksijeni, ambayo hugeuka maji. Fenoli iliyonyang'anywa hubaki kuwa radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza.

Hapo kazi ya kimeng'enya imekwisha. Radikali ile inaweza kuvunja kifungo cha jirani, na inaweza pia kukutana na radikali nyingine zikaungana. Lakesi haina sauti katika uamuzi huo. Ukilielewa hili, nusu ya maswali niliyoyataja juu yamejibika.

Tatizo la pili ni la kiyeyusho chenyewe. Kipimo kinachotumika sana ni log P, yaani namna kitu kinavyojigawa kati ya oktanoli na maji. Mwaka 1987 Laane na wenzake walitoa kanuni ambayo bado inasaidia: viyeyusho vyenye log P chini ya 2 huwa vibaya kwa vimeng'enya, vya zaidi ya 4 huwa salama, na vya katikati havitabiriki. DMSO (dimethili salfoksaidi) iko karibu na −1.35, dayoksani na ethanoli karibu −0.3, asetoni karibu −0.24, tolueni 2.7, heksani karibu 3.9. Sasa angalia upande wa lignini: huyeyuka vizuri katika DMSO, katika dayoksani yenye maji kidogo na katika asetoni yenye maji. Katika tolueni na heksani haiyeyuki kabisa. Kiyeyusho kinachompenda mmoja kinamchukia mwenzake. Kila hatua hapa chini ni namna ya kuishi na mgogoro huo, kwa sababu kuumaliza haiwezekani.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Lakesi ya kuvu, ikiwezekana ya Trametes versicolor, kwa kuwa ina nguvu kubwa ya kuoksidisha kuliko lakesi nyingi nyingine (karibu volti 0.78).
- Lignini ya organosolvi, yaani iliyotolewa kwenye mbao kwa kiyeyusho cha kikaboni. Ya krafti, inayotoka viwanda vya karatasi, inafaa pia, ila ina salfa na huyeyuka vibaya zaidi. Lignosulfonati huyeyuka katika maji. Ukiwa nayo, jiulize kwanza kiyeyusho unakitakia nini.
- Dayoksani mpya yenye tarehe ya kufunguliwa iliyoandikwa kwenye chupa.
- Bafa ya asetati ya milimola 50, iliyorekebishwa kwa asidi asetiki. Usitumie asidi hidrokloriki wala chumvi ya kawaida, maana kloridi huizuia lakesi.
- ABTS, kemikali inayopata rangi ikioksidishwa, ya kupimia kimeng'enya; na HBT kama kisaidizi, yaani molekuli ndogo ambayo lakesi huioksidisha, nayo ikaenda kuioksidisha lignini.
- Chupa za glasi zenye vifuniko vya ndani vya PTFE (tefloni), kuveti za kwazi au glasi, vichujio vya PTFE vya mikromita 0.45.
- Vijikaratasi vya kupimia peroksidi.
- Kabati la kuvuta hewa, miwani na koti. Kuhusu glavu, zile nyembamba za nitrili hupitisha dayoksani haraka. Zibadilishe mara tu zinapolowa.
- Njia ya kupima uzito wa molekuli: kromatografia ya kutenganisha kwa ukubwa. Kama huna, tafuta maabara itakayokupimia kabla hujaanza. Bila kipimo hiki utakuwa na chupa za kahawia na hadithi, basi.

Tahadhari za usalama, zisome kwanza

Dayoksani inashukiwa kusababisha saratani, inawaka kirahisi, na ikikaa wazi hutengeneza peroksidi ambazo zinaweza kulipuka ukiichemsha mpaka ikauke. Ipime kila mara kabla ya kutumia. Ikionyesha peroksidi, usijaribu kuiokoa; ipeleke kwenye taka za kemikali.

Asetoni na peroksidi ya haidrojeni zisikutane penye asidi. Hutokea kilipuzi kikali kinachoshtuka kwa kuguswa tu. Wanaotumia peroksidesi ndio wako hatarini zaidi hapa, kwa sababu wana bafa ya asidi, wana peroksidi, na asetoni inawavutia kwa kuwa inayeyusha lignini vizuri. Ukifanya kazi na peroksidesi, sahau asetoni.

HBT inauzwa ikiwa na maji ndani yake kwa sababu maalumu: ikikauka kabisa inaweza kulipuka. Usiiweke kwenye oveni eti upate uzito sahihi.

DMSO yenyewe ni pole, ila hupenya ngozi na kubeba kilichoyeyuka ndani yake.

Hatua ya 1: Pima kimeng'enya ndani ya bafa tupu

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye chupa. Weka ABTS ya milimola 0.5 kwenye bafa ya pH 4.5, ongeza kimeng'enya kilichozimuliwa, kisha soma ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 420 kwa dakika mbili au tatu. Tumia sehemu ya mwanzo iliyonyooka tu. Mgawo wa ufyonzaji wa ABTS iliyooksidishwa ni 36,000 kwa mola kwa sentimita.

Mfano: ufyonzaji unapanda 0.18 kwa dakika, ujazo wote ni mililita 1, umeweka kimeng'enya mililita 0.05, na ulikuwa umekizimua mara 100. Zidisha 0.18 kwa 1 kwa 100, ugawe kwa 36 (ule mgawo wa 36,000 ukihesabiwa kwa milimola) mara 0.05. Unapata uniti 10 kwa mililita, uniti moja ikiwa ni mikromoli moja ya ABTS kwa dakika.

Ukipata mstari unaopinda tangu sekunde za mwanzo, zimua zaidi. Wengi hapa huweka kimeng'enya kingi mno, halafu husoma mwisho wa mmenyuko wakidhani wanasoma mwanzo wake.

Hatua ya 2: Panda ngazi ya kiyeyusho

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ambayo ningekubali kuifanya peke yake kama ningelazimishwa kuchagua moja. Tayarisha michanganyiko ya bafa na dayoksani yenye asilimia 0, 10, 20, 30, 40 na 50 ya dayoksani kwa ujazo. Usiweke lignini bado.

Fanya vipimo viwili kwa kila mchanganyiko.

Kwanza, pima kasi ya ABTS ndani ya mchanganyiko wenyewe. Hii inakuambia kimeng'enya kinafanya kazi kiasi gani kikiwa ndani ya kiyeyusho.

Pili, weka kimeng'enya ndani ya mchanganyiko bila ABTS, kiache kwa saa 24 kwenye nyuzi 25, kisha chukua kidogo, kizimue mara 100 kwenye bafa tupu na upime. Hii inakuambia kimebaki hai kiasi gani.

Vipimo hivi viwili havisemi jambo moja. Kasi ikiwa ndogo ndani ya kiyeyusho lakini inarudi yote baada ya kuzimuliwa, kimeng'enya kimezuiwa tu. Umbo lake liko salama na kitafanya kazi polepole siku nzima. Kasi isiporudi, protini imefunuka na hakuna la kufanya ila kupunguza kiyeyusho. Kuna hali ya tatu inayowadanganya wengi: kasi nzuri kabisa katika dakika tatu za mwanzo, kisha kifo ndani ya saa chache. Aliyepima dakika tatu tu huondoka akiamini asilimia 50 inafaa.

Chagua asilimia ya juu kabisa ambayo angalau nusu ya kimeng'enya inabaki hai baada ya saa 24 na kasi ndani yake bado inapimika. Kwa hesabu za mfano hapa chini nitatumia 30. Yako inaweza kuwa 20 au 40, inategemea kimeng'enya.

Mambo mawili ya kuangalia kwenye ngazi hii. La kwanza ni rangi ya ABTS yenyewe, ambayo inaweza kubadilika kidogo ndani ya kiyeyusho. Oksidisha ABTS kidogo kwenye bafa, gawanya kwenye michanganyiko yote sita, uone kama ufyonzaji ni ule ule. Kama si ule ule, rekebisha hesabu. La pili ni pH. Asidi asetiki hulegea ndani ya dayoksani: pKa yake hupanda kutoka 4.76 majini hadi karibu 5.3 dayoksani inapofika asilimia 20. Kwa hiyo bafa uliyoitengeneza ikiwa 4.5 haiko 4.5 tena baada ya kuchanganya, na kipima pH cha glasi hakisomi kwa uaminifu ndani ya kiyeyusho. Weka pH kabla ya kuchanganya, iandike hivyo, na ujaribu ngazi yako kwa bafa za 4.0, 4.5 na 5.0 uone ipi inampa kimeng'enya wako nafuu.

Hatua ya 3: Safisha lignini

Lignini inayouzwa huja na sukari, chumvi na fenoli ndogo ndogo. Hizo fenoli ndogo ndizo zitakazooksidishwa kwanza, na ndizo zitakazokudanganya kwenye matokeo: vanilini uliyoikuta mwishoni huenda ilikuwamo tangu asubuhi.

Ioshe lignini kwa maji yenye asidi, pH karibu 2, mara mbili au tatu, ukizungusha kwenye sentrifuji na kumwaga maji ya juu. Kausha kwa baridi, au kwenye oveni ya ombwe isiyozidi nyuzi 40. Kisha yeyusha miligramu 10 kwa mililita katika dayoksani yenye maji asilimia 10. Hayo maji usiyaache: dayoksani kavu huyeyusha lignini vibaya kuliko yenye maji kidogo. Chuja kwa PTFE. Vichujio vya selulosi asetati huyeyuka ndani ya dayoksani, na utakachokipata chini ni lignini pamoja na kichujio.

Pima uzito wa kilichobaki juu ya kichujio ili ujue mkusanyiko wako halisi.

Hatua ya 4: Panga chupa za ulinganisho kabla ya chupa ya jaribio

Mwaka 1986 Dordick, Marletta na Klibanov walichapisha makala katika jarida la PNAS wakidai kwamba peroksidesi huvunja lignini ndani ya viyeyusho vya kikaboni lakini si majini. Kimeng'enya walichotumia kilitoka kwenye mmea, si kuvu, na kiyeyusho chao kikuu kilikuwa dayoksani. Mwaka uliofuata Lewis na wenzake walirudi na suala hilo kwenye jarida lilelile na kulipinga hitimisho hilo. Nalitaja kwa sababu mabishano yale bado yanafaa kuwa onyo: ndani ya kiyeyusho, lignini hubadilika kwa njia nyingi zinazofanana na kuvunjika. Huyeyuka zaidi. Hujikunjua. Vipande vilivyokuwa vimeshikana bila kifungo cha kemikali huachana. Zote hizo hutokea hata bila kimeng'enya.

Kwa hiyo andaa chupa hizi zote siku moja, kutoka mchanganyiko mmoja:

- lignini, kiyeyusho, kisaidizi, bila kimeng'enya;
- kila kitu, pamoja na kimeng'enya kilichochemshwa nyuzi 95 kwa dakika 15;
- kimeng'enya na lignini bila kisaidizi;
- kimeng'enya na kisaidizi bila lignini;
- jaribio kamili lakini hewa imefukuzwa kwa naitrojeni;
- jaribio kamili, chupa tatu.

Ndiyo, ni chupa nyingi kwa jaribio moja. Ile ya kimeng'enya kilichochemshwa isikose, kwani shaba iliyotoka kwenye lakesi iliyokufa inaweza kufanya kemia yake yenyewe. Lakesi bila oksijeni haina pa kupeleka elektroni, kwa hiyo chupa ya naitrojeni ikionyesha mabadiliko sawa na chupa kamili, ulichokiona hakikutoka kwa lakesi.

Hatua ya 5: Changanya, kwa mpangilio huu

Kwa jumla ya mililita 10 katika asilimia 30 ya dayoksani:

1. Bafa, mililita 6.2.
2. Dayoksani, mililita 2.1. Tikisa, acha ipoe hadi nyuzi 25.
3. Lignini iliyoyeyushwa (miligramu 10 kwa mililita), mililita 1.0, tone kwa tone huku ukikoroga. Nayo inaleta dayoksani mililita 0.9, ndiyo maana hapo juu hatukuweka mililita 3 nzima.
4. HBT ya milimola 50 iliyoyeyushwa katika mchanganyiko ule ule wa asilimia 30, mililita 0.2. Mwisho itakuwa milimola 1.
5. Kimeng'enya cha uniti 20 kwa mililita, mililita 0.5. Mwisho ni uniti 1 kwa mililita, kwa kipimo cha bafa tupu.

Kimeng'enya huingia mwisho. Usikimwage kamwe juu ya dayoksani tupu ukitarajia bafa itakuja kukiokoa. Ile sekunde moja ya asilimia 100 inatosha kukiua.

Lignini inapoingia kwenye mchanganyiko wenye maji mengi utaona ukungu wa kahawia. Ukungu si tatizo. Mabonge yanayozama ni tatizo: ama umemimina haraka, ama mkusanyiko ni mkubwa. Punguza hadi nusu, umimine polepole zaidi.

Hatua ya 6: Hewa, joto na muda

Tumia chupa ya mililita 50 kwa mchanganyiko wa mililita 10, ifunge kwa kifuniko cha PTFE, tikisa taratibu kwenye nyuzi 25 hadi 30. Watu huogopa kufunga wakidhani oksijeni itaisha. Hesabu kidogo inatuliza: mililita 40 za hewa zina oksijeni karibu milimoli 0.34, ilhali miligramu 10 za lignini zina pete za benzini zisizozidi milimoli 0.06 au hapo karibu. Inatosha na kubaki. Ukiiacha chupa wazi, au ukipuliza hewa ndani, dayoksani itavukia hewani, asilimia uliyoichagua kwa jasho kwenye hatua ya 2 itabadilika, na wewe utaivuta.

Chukua sampuli mwanzoni kabisa, kisha baada ya saa 1, saa 4 na saa 24. Ile ya mwanzo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Bila hiyo huna pa kuanzia kulinganisha. Kila ukichukua sampuli, pima pia kimeng'enya kilichobaki. Radikali za HBT hushambulia lakesi yenyewe, na si ajabu kukuta imekufa saa ya nne huku wewe ukisubiri hadi kesho.

Hatua ya 7: Simamisha mmenyuko

Zimua sampuli mara tano kwa maji baridi yaliyotiwa asidi hadi pH 2. Lignini itaganda, lakesi itanyamaza. Kuzimua ni lazima, kwa sababu ndani ya asilimia 30 ya dayoksani sehemu ya lignini itakataa kuganda. Zungusha kwenye sentrifuji. Kigande kihifadhi chote. Maji ya juu yatikise na ethili asetati mara tatu, ukitenga tabaka la ethili asetati kila mara, ili kukusanya vipande vidogo.

Kuna wanaosimamisha kwa sodiamu azidi. Inafanya kazi, ila kwenye asidi hutoa gesi yenye sumu kali, na bafa yetu ni ya asidi. Achana nayo.

Hatua ya 8: Pima kilichotokea

Rangi si kipimo. Lignini iliyooksidishwa hutengeneza kwinoni, na kwinoni zina rangi nzito hata kama hakuna kifungo kimoja kilichovunjika. Ufyonzaji kwenye nanomita 280 nao ni shahidi dhaifu, kwani hupanda lignini inapoyeyuka zaidi na hushuka inapoganda.

Kigande chako kiasetilishe kwa anhidridi ya asetiki na piridini, kiyeyushe katika tetrahidrofurani, kisha kipitishe kwenye kromatografia ya kutenganisha kwa ukubwa. Namba utakazopata zinalinganishwa na polistirini, kwa hivyo si uzito halisi wa lignini. Zinafaa kulinganisha chupa na chupa, na hilo ndilo unalolitaka.

Sasa onyo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Kabla ya kuingiza sampuli kwenye mashine utaichuja. Lignini iliyoungana na kuwa kubwa mno haitayeyuka, itabaki kwenye kichujio, na mashine itaona vile vidogo tu. Matokeo yake ni mchoro mzuri unaoonyesha uzito wa molekuli umeshuka, wakati ukweli ni kinyume. Pima uzito wa kisichoyeyuka kwa kila chupa. Kama chupa ya kimeng'enya imepoteza asilimia 30 ya lignini kwenye kichujio na ya ulinganisho haikupoteza kitu, huo mchoro hausemi unachodhani.

Kwa vipande vidogo kwenye ethili asetati, tafuta vanilini, asidi ya vanili, siringaldehidi na 2,6-dimethoksibenzokwinoni kwa kromatografia ya gesi. Ripoti kwa uzito wa lignini uliyoanza nayo, baada ya kuondoa kiasi kilichomo kwenye chupa za ulinganisho. Kama una njia ya NMR ya pande mbili (kipimo cha sumaku kinachosoma muundo wa molekuli), itumie. Inaonyesha moja kwa moja kama vifungo vya β-O-4 vimepungua.

Aliye na HPLC (kromatografia ya kimiminika) tu asikate tamaa. Anaweza kuacha lignini kwanza na kutumia molekuli ya mfano yenye kifungo kimoja cha β-O-4, kama guayasilgliseroli-β-guayasili etha. Ukiona kilele chake kinapungua na vilele vya molekuli kubwa zaidi vinatokea, umeshuhudia muungano kwa macho yako. Lakesi bila kisaidizi hufanya hivyo mara nyingi kwa molekuli hii, na ni bora ulijue kabla ya kutumia miezi kwenye lignini nzima.

Ukitaka kubadili njia

Peroksidesi ya manganizi hutaka bafa ya malonati ya milimola 50 kwenye pH 4.5, manganizi salfati ya karibu milimola 0.5, na peroksidi ya haidrojeni. Kimeng'enya huigeuza manganizi ya 2 kuwa ya 3, malonati huishika, nayo hutangatanga hadi kwenye lignini. Uzuri wake ni kwamba kinachokwenda mbali ni kidogo kuliko protini. Peroksidi iongezwe kidogo kidogo, milimola 0.1 kwa mara moja. Ukiimwaga yote utakiua kimeng'enya kwa chakula chake mwenyewe. Na hapa peroksidi za dayoksani iliyozeeka ni hatari mara mbili: zinaweza kuendesha mmenyuko hata kwenye chupa ambayo hukuiwekea peroksidi.

Peroksidesi ya lignini, iliyogunduliwa mwaka 1983, ina nguvu kuliko wenzake na hushambulia hata pete zisizo na fenoli. Inataka pH karibu 3, na ni dhaifu ndani ya viyeyusho. Sio ya kuanzia.

Tolueni na wenzake wenye log P kubwa hutumika kwa namna nyingine: kimeng'enya hukaushwa kwa baridi kutoka kwenye bafa ya pH yake bora, kisha huning'inizwa kama unga ndani ya kiyeyusho chenye maji machache. Protini "hukumbuka" pH iliyokaukia, kwa hiyo usiikaushe kutoka kwenye maji matupu. Kwa molekuli ndogo za mfano ni njia nzuri. Kwa lignini nzima unabaki na unga wa kimeng'enya ukitazamana na unga wa lignini, na hakuna anayemfikia mwenzake.

Mambo yakienda kombo

*Hakuna kasi yoyote ndani ya kiyeyusho, hata asilimia 10.* Angalia kloridi na azidi kwanza. Vimeng'enya vya kununua huhifadhiwa wakati mwingine kwa azidi. Visafishe kwa dayalisi kwenye bafa.

*Kasi ni nzuri kwa ABTS lakini lignini haibadiliki.* Huenda dayoksani yako ina BHT, ambayo huongezwa kiwandani kuzuia peroksidi. BHT ni fenoli yenye kazi moja, kumeza radikali, na itameza zako pia. Soma lebo. Dayoksani isiyo na BHT ipo, ila huzeeka upesi, kwa hiyo nunua chupa ndogo.

*Kuveti imekuwa na ukungu usiofutika.* Ni ya polistirini, na imeyeyuka. Tumia kwazi.

*Chumvi inaganda ninapoongeza kiyeyusho.* Mara nyingi ni fosfati. Rudi kwenye asetati, au punguza mkusanyiko wa bafa.

*Chupa tatu za jaribio hazifanani.* Kwa kawaida ni lignini iliyomiminwa kwa kasi tofauti, au kifuniko kimoja kilichovuja. Pima uzito wa kila chupa mwanzo na mwisho. Iliyopungua imepoteza kiyeyusho, itupe kwenye hesabu.

*Uzito wa molekuli umepanda.* Hilo ndilo tokeo la kawaida la lakesi, usilifiche. Kuna mambo matatu ya kujaribu, kwa mpangilio huu: punguza lignini hadi nusu au robo, ili radikali zikutane kwa nadra, badili uwiano wa kisaidizi kwa kimeng'enya, kisha jaribu mfumo wa tabaka mbili, kimeng'enya kikiwa kwenye bafa chini na kiyeyusho kisichochanganyika na maji juu, ili vipande vidogo vihamie huko kabla havijaungana tena. Ethili asetati ni kali kidogo kwa kimeng'enya, maana sehemu yake huyeyuka majini. Butili asetati ni pole zaidi. Rudia hatua ya 2 kwa kiyeyusho hicho kipya kabla ya kuendelea.

*Uzito umeshuka kwenye chupa zote, hata isiyo na kimeng'enya.* Kiyeyusho kimetenganisha vipande vilivyoshikana. Linganisha jaribio na chupa hiyo, si na lignini kavu ya mwanzo.

Kuhusu taka

Dayoksani, piridini na ethili asetati haziingii kwenye sinki hata zikiwa zimezimuliwa. Kusanya kwenye pipa la viyeyusho visivyo na halojeni, andika kwamba kuna dayoksani na tarehe. Taka zenye peroksidi ya haidrojeni ziwe na chupa yake peke yake yenye kifuniko kinachopumua, mbali na pipa lolote lenye asetoni. HBT iliyobaki iache ikiwa imeyeyuka. Usiiache ikauke kwenye chupa.